Kumbukumbu ya Jean-Claude na Ornella

Wiki ile sikuwa na miwani. Nilikuwa nimeikalia Jumapili ikavunjika katikati. Sikuwa na mke wa kuniambia ninyamaze, maana Aimée wangu alifariki miaka sita iliyopita. Sikuwa na koti lisilo na kiraka. Sikuwa na kauli katika kamati ya arusi ya binti yangu mwenyewe. Na sikuwa na ruhusa ya kukosea tena.

Waliosoma sehemu ya wiki iliyopita wanajua kwa nini. Kwa asiyesoma nitasema kwa ufupi, maana ni aibu. Mwaka juzi Ornella, kitindamimba wangu, aliposwa na kijana mwema. Siku ya mahari baba wa kijana alisimama mbele ya watu sitini akasema «tumekuja» kwa Kifaransa chenye kosa: «Nous avons venu.» Nikamsahihisha: «Nous sommes venus.» Akarudia vilevile. Nikamsahihisha tena. Mara ya tatu alifungua kamba za mbuzi wake akaondoka nao, na kijana akamfuata.

Kifaransa hicho nilikipata katika shule ya jioni, nikiwa na miaka thelathini na minne, nimekaa benchi moja na vijana walioweza kuwa wanangu. Nilifikiri neno sahihi linafaa mahali popote. Ornella alilia miezi mitatu. Alipomaliza kulia aliniambia jambo moja tu.

«Papa, kama arusi nyingine inavunjika ju yako, sitakuitaka tena papa.»

Halafu akaja Jean-Claude. Aliuza taa za jua mjini, alisimama kila mzee alipoingia, na Kifaransa chake hakikuwa na kosa. Tarehe ikawekwa: Jumamosi, tarehe kumi na nne, kanisani. Ndoa ya komini, yaani ya serikali, alisema Jean-Claude, ingefuata baadaye, hakuna haraka. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Mimi niliyezoea kuuliza kila kitu nilikaa kimya, nikaona nimekuwa mtu mpya.

Kamati iliongozwa na Delphine, mke wa mwanangu mkubwa. Aligawa kazi zote: chakula, muziki, magari, maua. Mwishoni akaniangalia.

«Papa Télesphore, wewe utashika souvenirs. Kale kazawadi ka kupea bageni wakitoka.»

Nilielewa. Walinipa kazi ambayo mtu hawezi kuharibu.

«Ikuwe kintu ya bei kidogo,» Delphine akaendelea, «na ikuwe ya kufurahisha. Kuko benye banapendekeza porte-clés za kufungia funguo. Kuko bagobelets za kunywea.»

«Gobelet kila mutu iko nayo ku nyumba,» akasema Ornella. «Na porte-clés batu banatupa.»

«Leso,» nikasema.

Wakaniangalia.

«Leso nyeupe ya mkononi. Maharusi wakiingia wageni wote wanazipunga. Wakicheza wanajifutia jasho. Wakienda nyumbani wanabaki nayo. Bei yake ni ndogo kuliko ya gobelet, na haivunjiki.»

Walipiga makofi. Ornella alinishika shingo akanibusu shavuni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya mbuzi. Ningeondoka pale pale, hadithi hii isingekuwapo.

«Na juu yake tunaandika Souvenir du mariage,» akasema Delphine.

«Hapana,» nikasema. «Souvenir ni neno la kuazima. Kiswahili kina neno lake. Kumbukumbu.»

Delphine akakuna kichwa kwa kalamu. «Kumbukumbu... Papa, hiyo haiko ile ya kanisa? Ile ya mwezi wa kumi na moja, ya marehemu?»

«Ni ya Kiswahili, Delphine. Si ya mwezi wowote.»

«Sawa, papa.»

Aliniogopa. Kila mtu aliogopa kunisahihisha, na mimi nikadhani ni kwa sababu sikosei.

Jumatatu nilikwenda kwa Théodore, mtu anayechapa juu ya nguo, pale juu ya soko la Kadutu. Nilimpa picha ya maharusi na karatasi niliyoiandika: *Kumbukumbu ya Jean-Claude na Ornella. Jumamosi tarehe 14.* Akasoma. Akavua kofia.

«Bote babili, papa?»

«Wote wawili.»

«Siku moja?»

«Ulitaka wafanye siku mbili?»

Akatikisa kichwa. «Mungu iko na mambo yake.»

«Ndiyo. Mungu ndiye aliyewaunganisha.»

«Banakuwa nani yako?»

«Msichana ni binti yangu. Wa mwisho.»

«Pole sana, papa. Pole sana.»

Nikafikiri ananionea huruma kwa gharama za arusi. «Aksanti. Ni mzigo, lakini tunafurahi.»

Akairudisha kofia kichwani. «Papa, uko na nguvu. Minaona batu mingi hapa, lakini wewe uko na nguvu. Nikuwekee na bordure ya kuzungusha picha?»

«Weka.»

Jumanne zilikuwa tayari. Leso mia mbili, kila moja imekunjwa mara nne na kufungwa utepe wa zambarau. Utepe ulinipendeza. Sikufungua hata moja. Kwanza, ningeharibu mikunjo. Pili, bila miwani ningesoma nini? Maneno nilikuwa nimeyaandika mwenyewe, na yalikuwa sahihi.

Nikishuka barabarani nilimkuta Almasi katika gari lake, injini inanguruma. Almasi ni dereva wa njia ya Hombo, inayopita Bunyakiri; jamaa yake ni wafanyabiashara wa Uvira, na zamani tulipakana ukuta kwa ukuta. Huko Bunyakiri Aimée aliacha ndugu wa mbali ambao habari ya arusi haikuwa imewafikia. Nikamwingizia leso kumi na mbili dirishani.

«Wape ndugu zetu wa Bunyakiri. Ni ya Jumamosi. Waambie hata wasipofika tutawakumbuka.»

«Leta, muzee, leta! Ba polisi ya roulage beko banakuya!»

Akaondoka kwa kasi. Nikapanda ngazi za udongo za Cimpunda mpaka nyumbani na leso mia na themanini na nane kichwani, nikipiga mluzi.

Alhamisi asubuhi uwanja wangu ulikuwa umejaa. Turubai lilikuwa limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa, wanawake wanatoa takataka katika sambaza, dagaa wa ziwani, na kucheka. Ornella alikuwa kwa msusi. Mlangoni akatokea mwanamke mwenye kitambaa cheusi kichwani na mtoto mgongoni. Aliangalia turubai. Aliangalia viti. Kisha akaja moja kwa moja mpaka nilipokuwa, akapiga magoti.

«Baba-mukwe,» akasema.

«Wewe ni nani, mama?»

«Mi ni Sifa. Bibi ya Jean-Claude. Wa Bunyakiri.»

Nyuma yetu wanawake walicheka kitu fulani. Sifa akageuka, akawatazama, akanirudia macho yamejaa mshangao.

«Huku kwenu banachekaka ku kilio?»

Nilimshika mkono nikamwinua, nikampeleka nyuma ya nyumba, kwenye pipa la maji ya mvua, kabla Delphine hajainua kichwa.

«Kilio gani?» nikauliza kwa sauti ndogo.

Akachomoa leso kifuani, akaifungua mikunjo minne. Sikuhitaji miwani. Kulikuwa na nyuso mbili, ya Jean-Claude na ya binti yangu, zimezungushwa mstari mweusi mnene. Kati yao, mrefu kuliko wao, ulisimama msalaba.

Nilishika ukingo wa pipa.

«Almasi njo alitupatia,» Sifa akasema. «Aligawa ku soko, kila mutu analia. Nikaona sura ya bwana yangu. Nikamuuliza, nani alikupa? Akasema, Papa Télesphore wa Cimpunda. Hakunionyeshaka kwao hata siku moja, nikajua wewe njo baba yake. Ni gari, papa? Banasema ni ajali ya gari.»

Niliinamia leso.

Akaweka kidole juu ya uso wa Ornella. «Na huyu? Ni dada yake?»

«Ni binti yangu,» nikasema.

«Hakuniambiaka kama iko na dada. Alikuwa muzuri. Pole, papa. Bote babili siku moja.»

Lilikuwa neno sahihi. *Ni binti yangu.* Hakuna mtu angeweza kusema nimedanganya. Ndivyo nilivyojiambia pale kwenye pipa, na leo ninapoandika bado nasikia jinsi nilivyojisifu.

«Una ushahidi gani kwamba alikuwa mume wako?»

Hakukasirika. Alitoa karatasi ndani ya mfuko wa nailoni, akainyoosha juu ya goti. Niliiinua juani, nikaisogeza mbali, nikaisogeza karibu. Ndoa ya serikali. Muhuri. Sahihi mbili. Ya pili niliijua. Ilikuwa imewekwa katika kadi ya mwaliko iliyokuwa mezani kwangu. Basi ndiyo sababu ndoa ya komini haikuwa na haraka.

Mtoto mgongoni aliamka akanitazama. Alikuwa na kidevu cha mkwe wangu.

«Mwaka na miezi mine simu yake imefungwa,» Sifa akasema. «Kwetu banasema aliniacha. Nikipita ku kisima bananyamaza. Mama yake rafiki yangu alinikataza kushika mutoto ya batizo, ati niko na bahati mubaya. Sasa tangu juzi banakuya kunipa pole. Sasa niko mujane. Mujane banamupatiaka kiti, papa. Ile ya kuachwa hapana.»

«Unataka nini, mama Sifa?»

«Bintu bibili. Kwanza karatasi. Uandike na mukono yako kama bwana yangu alikufa na kama mi ni mujane yake. Ya simu banaweza kusema ni uongo. Karatasi ya muzee hapana.»

«Na la pili?»

«Mwili. Hapa banaandika Jumamosi. Ndugu zangu batatu banakuya na gari ya Almasi. Banamuchukua, tunamuzika kwetu. Mutoto anapashwa kujua kaburi ya baba yake. Iko ku morgue ya hospitali gani?»

Nyuma ya nyumba palikuwa na harufu ya sambaza na ya maua ya plastiki mapya. Delphine aliniita: «Papa! Tuweke meza ya maharusi wapi?»

Sifa akainua uso. «Anasema maharusi?»

«Ana mambo mengi kichwani,» nikasema. «Mama Sifa, nisikilize. Rudi na Almasi leo hii. Hapa si mahali pa kulala na mtoto. Kesho utapata barua yangu. Nimekuahidi kwa mdomo wangu, na sijawahi kuvunja ahadi.»

Hilo nalo lilikuwa sahihi.

Nilimsindikiza mpaka barabarani kwa njia ya nyuma. Alinishukuru kwa kunishika mikono yote miwili, akaniachia leso, akaondoka. Nilikwenda moja kwa moja kwa Théodore.

«Umeweka msalaba!»

«Ndiyo, papa. Haukutoka muzuri?»

«Ni arusi, Théodore! Ni arusi!»

Akakaa juu ya ndoo. «Arusi? Kwani ulisema arusi wakati gani?»

«Nilisema Mungu amewaunganisha!»

«Hata ku mazishi banasemaka vile! Uliandika kumbukumbu, papa. Miaka tisa minachapa hapa, kumbukumbu ni matanga. Ya arusi banaandikaka souvenir. Hata mutoto wa shule ya primaire anajua.» Akajifuta uso. «Mi nilikupa pole mara mbili. Ulisema unafurahi. Nilienda kumwambia bibi yangu: leo niliona mutu wa imani.»

Alikuwa mtu mwema. Akaniambia nimletee zote, atabadilisha bila malipo: moyo mwekundu juu ya msalaba, waridi juu ya mstari mweusi, utepe wa dhahabu. Akanionyesha kwanza moja iliyobaki. Ilikuwa nzuri. Lakini nilipoiinua kwenye mwanga, katikati ya moyo msalaba ulisimama vilevile, mweusi, mikono imenyooshwa.

«Usiku hawataona,» akasema Théodore.

Nikaenda dukani kwa Jean-Claude.

Alisimama nilipoingia. Alifuta kiti kwa kitambaa, akanikalisha, akafunga mlango taratibu bila kuulizwa.

«Sifa ni nani?» nikauliza.

Hakushtuka. Hilo ndilo lililoniogofya kuliko leso. Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyesikia bei aliyoitegemea.

«Ni bibi yangu ya kwanza.»

«Kwetu hakuna wa kwanza na wa pili. Kuna mmoja.»

«Njo maana sikukwambia, papa.»

Nikamtupia leso ya Sifa. Aliifungua. Aliangalia sura yake, msalaba, mstari mweusi. Akaanza kucheka, mwanzoni kwa pua, halafu kwa mwili mzima, mpaka akashika meza.

«Papa! Umeniua muzuri! Mwaka muzima mi natafuta namna ya kutoka kule, sipati. Wewe umepata na hii mouchoir!»

«Ndugu zake wanakuja Jumamosi kuchukua mwili wako. Nitamwambia Ornella leo hii.»

Kicheko kikaisha mara moja, kama taa iliyozimwa.

«Mwambie. Lakini anza wapi? Kama niko na bibi? Ao kama ni wewe ulimuita huyo bibi, na neno yako? Ju bila kumbukumbu yako, Sifa hangejua hata njia ya Cimpunda.» Akakunja leso mara nne, kwa uangalifu, kama ilivyokuwa. «Arusi ya kwanza ulivunja na neno. Ya pili na neno pia. Na Ornella alishaniambia kile alikuapia. Aliniambia siku ya kwanza kabisa, papa. Analiaka akiisema.»

Niliitazama leso mikononi mwake.

«Yule mama anataka karatasi,» Jean-Claude akasema. «Mupe. Andika kama tulizikwa jana, mwili haikuweza kungojea. Ndugu zake habatakuya. Yeye anapata ujane yake, Ornella anapata arusi yake. Nani anaumia?»

«Andika mwenyewe.»

«Atajua mwandiko yangu. Na mufu haandikake.» Akatabasamu kidogo. «Lakini uandike bote babili.»

«Wote wawili?»

«Mouchoir inasema babili. Ukizika mimi peke yangu, bataulizia dada. Batakuya kumuona, kumupa pole. Lazima bote babili.»

«Ornella yuko hai,» nikasema, na sauti yangu ikatoka nyembamba kama ya mtoto.

«Ni karatasi tu, papa.»

Nilisimama. Naye akasimama, kwa heshima, akanifungulia mlango.

«Na siku moja ukimchoka binti yangu?» nikamuuliza. «Utafanya nini?»

«Kwa Sifa nilikuwa mwema miaka tatu,» akajibu. «Muulize. Hata yeye atakwambia.»

Niliporudi nyumbani nilikuwa nimeamua. Nilikuwa nasema maneno yangu kwa mpangilio njiani: kwanza karatasi ya serikali, pili mtoto, tatu kosa langu. Ornella alikuwa chumbani amevaa gauni, pini kiunoni, nywele zimesukwa juu. Alikuwa anapunga kitambaa cha jikoni hewani na kucheza peke yake bila muziki.

«Papa! Angalia. Batu mia mbili, bote vile, wakati tunaingia. Ile idée yako ya leso njo itakuwa ya muzuri kupita yote. Delphine mwenyewe anasema.»

«Ornella, kuna neno.»

Mkono wake ukashuka. Nilimwona akizeeka mbele yangu, pale katika gauni jeupe.

«Neno tena?»

«Kaa kwanza.»

«Sikae, gauni iko na mapini. Papa, naomba. Mpaka Samedi, arusi ipite, usiseme neno. Dimanche utasahihisha dunia muzima, mi nitakushikia kitabu. Lakini mpaka Samedi, hapana.»

«Mwanangu, kama kungekuwa na jambo baya juu ya mtu, ungependa kulijua?»

Akasema, bila hasira, na ndiyo sababu sijalisahau:

«Kutoka mu kinywa yako? Hapana.»

Akanigeukia mgongo nimfunge vifungo vilivyobaki. Vilikuwa vidogo sana na sikuviona. Nilivipapasa kimoja kimoja. Mabega yake yalikuwa ya moto. Nilipomaliza akasema «Aksanti, papa», na neno hilo la mwisho nikalishika kama mtu anayeshika mzizi juu ya korongo.

Sikusema.

Ijumaa asubuhi nilikaa mezani, mlango wazi, watu wanapita na masufuria. Niliandika kwa herufi kubwa ili nione ninachofanya.

*Kwa Mama Sifa, mjane wa Jean-Claude, Bunyakiri. Mimi Télesphore, mkazi wa Cimpunda, nathibitisha kwa mkono wangu kwamba mume wako halali amefariki dunia, na kwamba wewe ndiwe mjane wake na mtoto wake ni wa ndoa. Nawaomba watu wote wakupe heshima hiyo. Mwili haukuweza kungoja Jumamosi. Tumemzika jana. Ndugu zako wasihangaike na safari.*

Mpaka hapo kalamu ilikwenda vizuri. Nilikuwa hata nimeanza kuona wema ndani yake. Mwanamke atapewa kiti. Mtoto atakuwa na jina.

Kisha nikafika kwa dada.

Nje Delphine alikuwa anamtania Ornella: «Kesho ukilia, rangi yote ya uso itamwagika, tutakuita panda!» Na Ornella alicheka. Nilisikia kicheko kile na kalamu imesimama juu ya karatasi, doa la wino linakua.

Nikaandika: *Pamoja naye, katika kaburi la pembeni, nimemzika binti yangu Ornella.*

Nililisoma tena. Halikuwa na kosa la sarufi. Hiyo ilikuwa barua ya kwanza ya uongo kuandikwa na mimi tangu nijue kuandika, na neno hilo lilikaa pale kwenye mstari limenyooka kama mengine.

Nikaongeza tarehe. Nikatia sahihi. Nikakunja mara tatu, nikaingiza katika bahasha, nikalamba gundi. Nikabonyeza kwa ngumi mpaka karatasi ikashika.

Almasi alikuwa kituoni, anafunga magunia ya chumvi juu ya gari. Aliponiona alishuka, akafuta mikono kwa suruali, akanikumbatia. Sikuwa nimekumbatiwa hivyo tangu maziko ya Aimée.

«Muzee wangu. Siku ile nilikimbia, sikujua kama ni kilio. Ornella! Nilimubeba hapa ku bega, unakumbuka? Alinikojolea siku ya Idi, kanzu mupya. Mungu amurehemu.»

«Amina,» nikasema.

Ndiyo. Nilisema amina.

«Nimekuletea barua. Ni ya mama Sifa. Umpe mkononi, na ndugu zake waisome, wasihangaike kupanda gari kesho.»

«Ataipata leo.» Akaishika bahasha. Sikuiachia bado. «Na sikia, muzee. Bale habakuye, sawa. Lakini mimi nitakuya. Kesho mchana nikishusha mizigo, minapita moja kwa moja kwako. Nilishawaambia na ba dereva benzangu, bote banamujua Ornella. Tutakuwa karibu kumi na tano. Tunakuya kulia pamoja nawe.»

Bahasha ilikuwa kati yetu, yeye upande wake, mimi upande wangu. Nyuma yake abiria walipiga mabati ya gari, wanataka kuondoka. Ningeweza kuivuta. Ningeweza kusema neno moja tu, lolote, hata lenye makosa.

«Muzee? Achia basi.»

Nikaiachia.